Saini ya rais wa Marekani inavyofika hadi kliniki za Kenya

Karibu kila chama kinapoingia Ikulu ya Marekani kikipokea kijiti kutoka kwa mwenzake, kuna sera moja inayoguswa ndani ya siku chache. Republican huirudisha, Democrat huifuta.

Ni Sera ya Mexico City, iliyotangazwa katika jiji hilo mwaka 1984 chini ya Ronald Reagan. Clinton aliifuta 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairudisha 2017, Biden akaifuta 2021. Januari 2025 Trump akairudisha tena.

Inasema nini?

Shirika lisilo la kiserikali la nje ya Marekani likitaka msaada, liahidi kutotoa mimba kama njia ya uzazi wa mpango, kutotoa rufaa ya huduma hiyo wala kuitetea. Inaruhusu tu kama mama alibakwa, ni mimba ya maharimu au maisha yake yako hatarini.

Kwani si hela yao?

Hapo ndipo penye ubishi. Tangu 1973 sheria ya Marekani inakataza fedha za misaada kulipia huduma hiyo. Sera hii inabana hata hela ambayo shirika limepata kwingine. Wanaoiunga mkono wanasema kodi ya Mmarekani isiwasaidie watoa mimba hata kwa mlango wa nyuma. Wakosoaji wanaiita sheria ya kufunga mdomo.

Kenya inaguswaje?

Ibara ya 26(4) ya Katiba ya 2010 inaruhusu mimba itolewe pale mtaalamu wa afya anapoona maisha au afya ya mama iko hatarini. Sera ya Marekani inakubali maisha, si afya. Hivyo muuguzi anaweza kufuata Katiba ya nchi yake, na shirika lake bado likanyimwa fedha.

Si nadharia tu. Baada ya 2001, Chama cha Uzazi wa Mpango cha Kenya kilikataa masharti hayo, kikakosa ufadhili na kufunga baadhi ya kliniki.

Je, mimba zinazotolewa hupungua?

Utafiti uliochapishwa na The Lancet Global Health mwaka 2019, ukiangalia nchi 26 za Afrika, ulikuta kinyume. Sera ikiwepo, nchi zinazotegemea zaidi msaada huo zilipata ongezeko la takriban asilimia 40 la utoaji mimba kuliko zingine, huku matumizi ya uzazi wa mpango wa kisasa yakishuka kwa asilimia 14. Sababu inayotajwa ni kwamba mashirika yanayobanwa ndiyo hayohayo yanayogawa vidonge na sindano.

Na kwa kuwa ni agizo la rais, inaweza kubadilika tena baada ya uchaguzi ambao mwanamke wa Kenya hapigi kura.