Jiko la Goma na Msitu wa Virunga

Kila jioni mjini Goma mama wa nyumba huwasha jiko lake kwa makaa, au makala kama wasemavyo huko. Makala hayo yametoka wapi? Mengi yametoka katika msitu wa Virunga ulio jirani.

Hifadhi ya Virunga iliwekwa tarehe 21 Aprili 1925. Leo mwenye kuitunza ni ICCN, shirika la serikali ya Kongo ambalo asili yake ni ya mwaka 1934. Kazi hiyo ni ya hatari. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa. Tarehe 24 Aprili 2020 walikufa 12 kwa siku moja, karibu na Rumangabo.

Lakini bunduki ya mlinzi haiivishi maharagwe. Mwaka 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda, waliopiga kambi kando ya Goma, walikata miti ya msitu ule, kwa maana hawakuwa na kuni nyingine. Nani atamlaumu baba mwenye watoto wenye njaa?

Basi msitu utaokolewa jikoni. Tangu 2007 wakulima wa Kivu ya Kaskazini wamesaidiwa kupanda miti ya makala mashambani mwao. Na tangu 2015 mtambo wa Matebe hutoa umeme kwa nguvu za maji. Vita vilivyoingia Goma Januari 2025 vimeitatiza kazi hii, wala havikuondoa haja yake.

Wasomaji wapenzi, tusiwaachie walinzi mzigo peke yao. Mwenye shamba, apande miti yake ya kuni.