Boila ya Kisasa na Joto Linalopotelea Dohanini

Nyumba nyingi za Uingereza hutegemea boila ya gesi asilia wakati wa baridi, yaani mtambo unaopasha maji moto na kuyasukuma kwa pampu hadi kwenye rejeta, ambazo ni vyuma bapa vilivyofungwa ukutani ili vitoe joto chumbani, kisha maji hayo yakishapoa hurudi mtamboni kupashwa upya. Kiasi cha joto ambacho maji hayo hurudi nacho, jambo ambalo wenye nyumba wachache hulifikiria, ndicho kinachoamua kama gesi inatumika vyema au inapotea.

Gesi asilia, ambayo kwa sehemu kubwa ni methani, inapoungua hutoa mvuke wa maji, na mvuke huo hubeba joto fiche, yaani joto lililotumika kuyageuza maji kuwa mvuke, ambalo halisomeki kwenye kipimajoto na halipatikani tena mpaka mvuke urudi kuwa maji. Joto hilo ni takriban asilimia 10 ya nishati yote ya gesi, na boila za zamani ziliuachia mvuke utoke nalo kwenye dohani. Boila ya mtonesho hupitisha moshi kwenye kibadilishajoto kikubwa zaidi, ambamo mvuke hupoa na kuwa matone, na joto lake likaingia katika maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta. Tangu Aprili 2005, kanuni za ujenzi za England na Wales zimetaka karibu kila boila mpya ya gesi iwe ya aina hiyo.

Hata hivyo, mvuke hauwi matone kwa amri ya kanuni. Ni lazima moshi upoe chini ya nyuzi 55 hivi za sentigredi, nao hauwezi kuwa baridi kuliko maji yanayoupoza; kwa hiyo boila inayopeleka maji yakiwa na nyuzi 80 na kuyapokea yakiwa na nyuzi 60 haitoneshi karibu chochote, hata kama kibandiko chake kinataja ufanisi wa zaidi ya asilimia 90. Anayenunua mtambo wa gharama kisha akauacha katika kipimo hicho amenunua nusu ya kitu, ilhali mara nyingi kushusha joto la maji yanayotoka hadi nyuzi 60 au 55, mradi rejeta zina ukubwa wa kutosha, hakumgharimu chochote. Maji ya kuoga yanayohifadhiwa tangini hayahusiki na ushauri huo, kwa kuwa huhitaji kufikishwa nyuzi 60 ili kuua bakteria wa Legionella.

Themostati ya kawaida, yaani kifaa kinachowasha na kuzima boila kwa kufuata joto la chumba, haitatui tatizo la maji yanayorudi yakiwa moto mno. Kinachofaa zaidi ni kidhibiti kinachofuata hali ya hewa, ambacho kitambuzi chake, kilichofungwa nje mahali pasipopigwa na jua, huiambia boila ipunguze joto la maji kadiri baridi inavyolegea. Tangu Aprili 2018, England imekitambua kidhibiti hicho kuwa mojawapo ya njia nne ambazo angalau moja hulazimika kuambatana na kila boila mpya ya kombi, ile inayopasha maji ya bombani papo hapo bila tangi.

Vali za rejeta, ambazo hujifunga zenyewe chumba kinapopata joto la kutosha, nazo husaidia, lakini hazifai kuwekwa katika chumba chenye themostati, kwani vali ikijifunga mapema chumba hicho hakifikii joto lililowekwa, na boila huendelea kuwaka kwa ajili ya vyumba vingine, ikingoja ishara ya kuzima ambayo themostati haitaituma.