Barabara ya Ngongongare–Momella

Barabara ya Ngongongare–Momella ni njia ya changarawe iliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, upande wa mashariki wa Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania. Inaunganisha lango la Ngongongare upande wa kusini na lango la Momella upande wa kaskazini. Kwa watalii ni safari fupi na rahisi ya msituni. Kwa wakazi wa Ngarenanyuki, ng'ambo ya hifadhi, ni njia ya kwenda Usa River na Arusha mjini.

Njia

Msafiri anayetoka Arusha hufuata barabara kuu ya Moshi hadi Usa River, umbali wa kilomita 20 hivi, kisha hukata kushoto kuelekea mlimani. Baada ya lango la Ngongongare hukuta uwanda wa nyasi uitwao Serengeti Ndogo, ambapo pundamilia, nyati na twiga huonekana mara nyingi. Mbele yake njia hugawanyika. Ya kushoto huelekea Momella moja kwa moja. Ya kulia hupita msituni, na tawi lake hupanda hadi ukingo wa Kasoko ya Ngurdoto, yenye upana wa kilomita 3 hivi. Wageni hutazama kutoka ukingoni tu. Hawaruhusiwi kushuka ndani. Kutoka hapo njia hiyo huzunguka Maziwa ya Momella kabla ya kufika langoni.

Wakati wa kiangazi njia ya moja kwa moja hupitika kwa urahisi. Wakati wa masika matope huongezeka, na gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne hufaa zaidi.

Msitu na maziwa

Mbega weusi wenye manyoya marefu meupe huishi juu ya miti na kula majani. Kima nao ni wengi. Kwenye njia nyingine, inayopanda kutoka Momella kuelekea kasoko ya Meru, kuna mkuyu mkubwa ambao magari hupita katikati yake kama mlangoni. Mkuyu wa aina hii huanza kuota juu ya mti mwingine, hushusha mizizi hadi ardhini, na mwishowe huufunika mti ulioubeba.

Maziwa ya Momella yalitokea maelfu ya miaka iliyopita, ubavu wa mashariki wa Mlima Meru ulipoporomoka na kusambaza mawe na matope hadi mbali. Maji yalijaa katika mabonde yaliyobaki kati ya vilima vya kifusi. Maji hayo yana magadi, na ndiyo sababu flamingo hupata chakula hapo.

Historia

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto. Mwaka 1967 Mlima Meru uliongezwa, na jina likawa Arusha.

Ardhi iliyo mwisho wa safari hii ina historia ya uchungu. Jina Ngarenanyuki latokana na Kimaasai, maana yake "maji mekundu". Mnamo Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 huko ili ardhi itumiwe na walowezi wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Wameru walipinga, na mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet kwenye Umoja wa Mataifa, New York, miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kuzungumza huko kwa niaba ya TANU. Umoja wa Mataifa haukupitisha azimio la kuwarudishia ardhi, lakini kesi hiyo iliwaamsha Watanganyika wengi katika harakati za kudai uhuru.

Leo vijiji vya Ngarenanyuki vina wakulima na wafugaji. Kwa hiyo barabara hii hubeba kwa pamoja magari ya watalii na ya wananchi, na wote hupaswa kuwapisha wanyama.