Chokoleti ya nyumbani: Faida iko kwenye kuchambua karanga

WAKATI kokoa ya Kyela ikisafirishwa nje ikiwa mbegu kavu, na karanga za Dodoma, Singida na Tabora zikipakiwa kwenye malori zikiwa ghafi, maduka makubwa ya Dar es Salaam, Arusha na Mwanza yanauza chokoleti zenye karanga zilizotengenezwa ng'ambo. Mlaji wa hapa anazilipia bei ya juu, ingawa viungo vyake viwili vikuu vinalimwa nchini kwake.

Ndiyo maana wajasiriamali wadogo, hususan akina mama, wamekuwa wakijaribu kutengeneza wenyewe pipi za kokoa na siagi ya karanga na kuziuza maofisini, shuleni na kwenye maduka ya mitaani. Upishi wenyewe hauna miujiza. Anayeweza kupika kashata bila kuunguza sukari hawezi kushindwa na kazi hii. Wengi wanaokwama hukwama kwenye manunuzi, na hasa kwenye kiungo ambacho kila mtu anadhani anakijua: karanga.

Gunia la nyuma

Katika masoko kama Majengo mjini Dodoma au Kariakoo jijini Dar es Salaam, karanga huuzwa kwa madaraja. Kuna zilizonenepa, za rangi moja, ambazo muuzaji huzipanga mbele. Nyuma yake kuna gunia la zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ngozi iliyobadilika rangi, nalo ni la bei ya chini. Mnunuzi akitamka tu kwamba anakwenda kusaga, husogezewa gunia hilo la nyuma. "Chukua hizi, dada, si unasaga? Nani ataona?"

Ni kweli hakuna atakayeona, na hapo ndipo hatari ilipo. Karanga iliyovunjika, iliyosinyaa au iliyotobolewa na wadudu ndiyo inayoshambuliwa zaidi na kuvu wanaozalisha sumukuvu. Sumu hiyo haina rangi, ladha wala harufu, na moto wa kawaida wa kukaangia hauimalizi. Punje chache tu zenye sumu nyingi zikisagwa pamoja na nzima, zinaharibu kopo zote za siku hiyo.

Sumukuvu ilianza kujulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960, na chanzo kikaonekana kuwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Karibu na kwetu, mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 ugonjwa huo ulizuka mikoa ya Dodoma na Manyara na kuua watu. Hayo ni madhara ya kiasi kikubwa kwa mara moja. Kiasi kidogo kinacholiwa kwa miaka mingi huhusishwa na saratani ya ini, na mlaji mkubwa wa pipi ni mtoto. Mwaka 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilizuia siagi ya karanga ya chapa moja iliyokuwa imeenea madukani kwa sababu hiyo hiyo. Kama kiwanda chenye mashine kinaweza kukwama hapo, sembuse sufuria ya nyumbani.

Tuache afya kidogo, tuje kwenye fedha, maana ndiyo lugha ya kurasa hizi. Chukua mfano huu wa hesabu, kisha weka bei za soko lako. Gunia la nyuma linauzwa Sh 3,000 kwa kilo, na ukichambua kwa uaminifu unatupa robo nzima. Kilo moja safi inakuwa imekugharimu Sh 4,000. Karanga za mbele zinauzwa Sh 3,800, na ukichambua unatupa gramu 50 tu kwa kilo. Kilo moja safi nayo imekugharimu Sh 4,000. Bei ni ile ile, isipokuwa kwenye gunia la nyuma umepoteza pia nusu siku ya kuchambua. Kwa maneno mengine, karanga za bei poa zina faida kwa yule tu asiyezichambua, na huyo anawauzia wateja wake sumu.

Ungo mara mbili

Uchambuzi ufanyike mara mbili. Kwanza karanga zikiwa mbichi: zimwage kidogo kidogo kwenye sinia jeupe, mahali penye mwanga, uondoe zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye ukungu na zilizoanza kuota. Kisha zikaange kwa moto mdogo huku ukikoroga hadi ngozi ianze kubanduka, ziache zipoe, zifikiche na kuzipepeta. Sasa zichambue tena. Bila ngozi, punje iliyooza ndani hujitokeza kwa rangi ya kahawia au nyeusi ambayo awali ilikuwa imefichwa. Wengi huruka hatua hii ya pili kwa sababu karanga zimeshanukia vizuri na mikono imeshachoka.

Zilizotupwa zisipewe kuku wala ng'ombe. Kuku hudhurika, na ng'ombe wa maziwa huitoa sumu hiyo kwenye maziwa, kwa hiyo inarudi mezani. Zifukie au zichome.

Muulize pia muuzaji karanga zilibanguliwa vipi. Katika baadhi ya maeneo hunyunyiziwa maji ili maganda yalainike na kazi iende haraka. Unyevu huo ndio kuvu wanaoutaka, na gunia likifungwa hapo kwa wiki mbili, uchambuzi hautatosha kuliokoa.

Jikoni

Kwa pipi zipatazo 60 za gramu 15 kila moja, andaa siagi ya karanga gramu 500, sukari ya unga gramu 250, maziwa ya unga gramu 100, unga wa kokoa gramu 60 na chumvi kidogo sana. Nunua mizani. Kikombe cha kila nyumba kina ukubwa wake, na mteja aliyependa pipi za wiki iliyopita hatafurahi akikuta za wiki hii zina ladha nyingine.

Saga karanga zikiwa bado na uvuguvugu, maana hutoa mafuta yake mapema na hutahitaji kuongeza mengine. Sukari ya kawaida iliyosagwa kavu kwenye blenda inafaa. Changanya unga wote pamoja, uchekeche, ndipo uingize kwenye siagi na kukanda hadi upate donge linaloshikana bila kunata mkononi. Likiwa laini, ongeza maziwa ya unga kijiko kimoja kimoja. Viringisha au tandaza kwenye trei, weka mahali pa baridi saa moja, kata, funga.

Jambo moja lisilo na mjadala: maji yasiingie. Siagi ya karanga na kokoa hudumu kwa sababu ni kavu. Mwiko wenye unyevu, maziwa ya maji au mvuke unaodondoka kutoka kwenye mfuniko huifanya chokoleti iliyoyeyushwa igande mabonge, na kwenye pipi hukaribisha ukungu ndani ya siku chache. Kinachoharibu pipi kavu ni mafuta kuchacha, na hilo huchelewa kama umetumia karanga mpya na vifungashio visivyopitisha hewa na mwanga.

Wapo watakaotaka kuzipaka chokoleti juu ili zing'are kama za dukani. Hapa joto letu halina huruma. Mafuta ya kokoa huyeyuka yakifikia nyuzijoto kama 34, na kibanda cha bati saa nane mchana Dar es Salaam au Kyela kinapita hapo. Pipi iliyoyeyuka na kuganda tena hutoka na utando mweupe ambao mteja huudhania ni ukungu. Hauna madhara, lakini nani ataeleza hilo kwa kila mteja? Kwa anayeuza mitaani, kokoa ikae ndani ya donge, na pipi ipakwe nje unga kidogo wa kokoa. Ya kung'aa iachwe kwa oda za harusi na sikukuu, ambako kuna friji.

Mbegu au unga?

Aliyeko Kyela, Rungwe au Kilombero anaweza kuanzia kwenye mbegu yenyewe. Iwe imevundikwa siku tano hadi saba kwenye masanduku au chini ya majani ya migomba huku ikigeuzwa, kisha ikaanikwa hadi ikauke kabisa. Mbegu iliyokaushwa bila kuvundikwa ni chungu na haina harufu ya chokoleti, hata uikaange vipi. Kyela ni wilaya ya mvua nyingi, kwa hiyo angalia kama zilikauka: vunja moja, usikie mlio, unuse ndani kama kuna ukungu. Kaanga kwa moto mdogo kama nusu saa, menya, pepeta, saga mara kadhaa kwenye mashine ile ile ya karanga. Zaidi ya nusu ya kiini cha kokoa ni mafuta, hivyo utapata uji mzito mweusi. Hautakuwa laini kama chokoleti ya kiwandani, ila ndani ya pipi ya karanga chengachenga hizo hazisumbui.

Bei ya kokoa nayo iangaliwe. Machi 2024, baada ya mavuno mabaya ya Ivory Coast na Ghana, tani moja ilipita dola 10,000 za Marekani kwenye soko la dunia kwa mara ya kwanza, na Desemba ikapita 12,000 kabla ya kushuka sana mwaka 2025. Wakulima wa Kyela walineemeka, lakini mtengenezaji mdogo aliyezoea kuweka kokoa kwa wingi aliumia. Pipi ambayo karanga ndiyo mwili na kokoa ni ladha inastahimili mitikisiko hiyo vizuri zaidi kuliko kipande cha chokoleti tupu.

Sasa gharama, nazo ni za mfano. Karanga safi gramu 600, kwa ajili ya kinachopotea kwenye ngozi na kukaanga, Sh 2,400. Sukari Sh 750. Maziwa ya unga Sh 2,000. Unga wa kokoa Sh 2,400. Vifungashio na lebo za pakiti 20 zenye pipi tatu tatu Sh 2,000. Moto na kusaga Sh 1,000. Jumla Sh 10,550. Duka likichukua pakiti kwa Sh 800 unapata Sh 16,000, na kinachobaki ni Sh 5,450 kabla ya nauli na jasho lako. Kwa sufuria moja hiyo ni pesa ya mboga. Kwa sufuria nne kwa siku inaanza kuitwa kazi. Ukiuza mwenyewe kwa Sh 1,000 hali inakuwa bora, lakini ujue siku ya kuuza si siku ya kupika.

Nembo na lebo

Kabla ya kupeleka dukani, mjasiriamali anahitaji leseni ya biashara, cheti cha afya cha wanaoshika chakula, na usajili wa eneo la kazi na bidhaa. Usimamizi wa chakula ulihamishwa kutoka TFDA kwenda Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, kwa hiyo ofisi ya kuanzia ni TBS. SIDO hutoa mafunzo ya usindikaji na huwaunganisha wajasiriamali wadogo na TBS. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo ya siagi ya karanga. Peleka sampuli kabla ya kuchapisha lebo elfu moja, si baada yake.

Kwenye lebo, andika kwa herufi zinazosomeka kwamba bidhaa ina karanga, kwani kuna watu ambao punje moja huwapeleka hospitali. Pia kama umetumia mafuta mengine badala ya mafuta ya kokoa, iite pipi ya karanga yenye kokoa, usiiite chokoleti.

Kuhusu wakati wa kununua, mavuno ya Kanda ya Kati huingia baada ya mvua kuisha, na miezi ya Mei na Juni ndiyo ya kutafuta kikundi cha wakulima na kununua moja kwa moja. Ikiwezekana nunua zikiwa na maganda, uzibangue mwenyewe zikiwa kavu. Gunia la namna hiyo hula nafasi kubwa kwenye lori na nauli yake ni ya juu, hivyo kwa aliyeko Dar es Salaam inalipa wakichanga watatu au wanne mzigo mmoja.