Eldoret Express alipobadilisha spaiki na saa ya kocha

Hapa Chepsaita, ukitoka nje alfajiri unakutana na watu wa aina mbili barabarani: wanaopeleka maziwa na wanaopiga mbio. Mimi siko upande wowote. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu siku hiyo mathe ana swali moja tu: "Sasa wewe utakuwa nani?"

Ndiyo maana stori ya Janeth Jepkosgei hunikaa kichwani.

Wasee wa rika la wazazi wetu wanamjua kama Eldoret Express. Alizaliwa karibu na Kapsabet mwaka wa 1983, akawa bingwa wa dunia wa chipukizi mita 800 mwaka wa 2002 kule Kingston, Jamaika. Mwaka wa 2006 akabeba dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Halafu ikaja Osaka, 2007. Alishika uongozi mapema na hakuuachilia. Dakika 1:56.04, na Kenya ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia wa mita 800 upande wa wanawake.

Mwaka mmodja tu baadaye, Beijing, mambo yakageuka. Pamela Jelimo akiwa na miaka 18 alimwacha nyuma, Janeth akarudi na fedha ya Olimpiki. Ndivyo mbio zilivyo. Kuna siku mdogo wako atakupita, na hakuna wa kumlalamikia.

Wengi wakistaafu hununua shamba na ploti Eldoret, basi. Yeye alirudi uwanjani Kapsabet kufunza watoto. Na tuseme ukweli: huku kwetu wasichana hutuletea medali kila mwaka, lakini anayeshika saa kando ya uwanja mara nyingi ni mwanamume. Mama akipiga filimbi, watu bado hugeuka kutazama.

Kati ya vijana aliowachukua alikuwepo Emmanuel Wanyonyi, kijana wa Trans Nzoia aliyewahi kuacha shule akiwa mdogo ili achunge ng'ombe. Janeth akamlea kama mkimbiaji. Mwaka wa 2021, Kasarani, Wanyonyi alishinda ubingwa wa dunia wa chipukizi kwa 1:43.76, rekodi ya mashindano hayo. Baadaye akaendelea na kocha Claudio Berardelli, na Agosti 2024 kule Paris akashinda dhahabu ya Olimpiki kwa 1:41.19. Marco Arop wa Kanada alikuwa nyuma yake kwa mia moja ya sekunde. Na alikimbia vipi? Akiwa mbele, kama mama aliyemfunza.

Sasa fikiria. Kocha hapandi jukwaani. Wimbo wa taifa ukipigwa, kamera haimtafuti. Kama yule mama asingesimama kando ya uwanja, mchunga ng'ombe angepata wapi wa kumwambia ana kipaji?

Nina jirani wa miaka 22. Goti lilimkatalia kabla hajapata hata mbio moja ya kulipwa. Mwaka mzima alijifungia nyumbani. Siku hizi jioni namwona kwenye uwanja wa shule ya msingi, simu mkononi, akihesabia watoto sekunde. Hakuna anayemlipa. Juzi nilimuuliza anafanya nini pale.

"Nafanya kazi," akanijibu, macho hayajatoka kwa watoto.

Nilirudi nyumbani nikafungua laptopu, nikaandika hii.