Kuchora mtaa kwenye ramani huria: kivinjari, simu au JOSM?

OpenStreetMap ni ramani ya dunia nzima inayochorwa na watu wa kujitolea. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na mtu yeyote anaweza kutumia data zake bure, mradi ataje zilikotoka. Programu za kuichorea ni nyingi, na zote huandika kwenye hifadhidata moja. Nyumba iliyochorwa kwa kompyuta hukaa bega kwa bega na duka lililoongezwa kwa simu, na anayeitumia ramani hajui wala hahitaji kujua kipi kimetoka wapi. Tofauti humhusu mchoraji: kasi yake, bando lake, na makosa anayoweza kuyafanya.

Kazi yenyewe ina sehemu mbili, na Dar es Salaam inazionyesha vizuri. Kata ya Tandale ilichorwa mwaka 2011, kisha mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Sehemu ya kwanza hufanyika mezani: mtu anaangalia picha iliyopigwa kutoka angani na kufuatisha mapaa na njia. Ya pili ni ya miguu. Picha ya angani haisemi mtaro umeziba wapi, mtaa mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi, wala kama chini ya bati fulani kuna duka la dawa, mashine ya kusaga au saluni. Programu nazo zimegawanyika hivyo hivyo, ingawa chache hujaribu kufanya yote mawili.

Kwa kazi ya mezani, wengi huanza na iD. Hii hufunguka ndani ya kivinjari mtu anapobonyeza kitufe cha kuhariri kwenye tovuti ya OpenStreetMap, na hakuna cha kusakinisha. Ilianza kutumika mwaka 2013 na ndiyo anayokutana nayo kila mgeni. Kuchora nyumba ni hivi: mchoraji anachagua kuchora eneo, anabonyeza kona ya kwanza ya paa, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha anafunga umbo. Upande wa kushoto anachagua kuwa hilo ni jengo, halafu anabonyeza herufi Q na kona zote zinanyooka kuwa pembe mraba. Kabla ya kuhifadhi, iD humwonya kama barabara yake imepita juu ya nyumba au kama njia mbili zimekaribiana bila kuungana. Onyo hilo peke yake limeiokoa ramani na uchafu mwingi.

Udhaifu wake hujitokeza kazi inapokuwa kubwa. Nyumba ya mia moja huchukua mibonyezo ile ile ya nyumba ya kwanza. Eneo lenye majengo maelfu huifanya kompyuta dhaifu kusuasua, na intaneti ikikatika kazi husimama.

Hapo ndipo JOSM inapopata wapenzi wake. Ni programu ya kusakinishwa kwenye kompyuta, imeandikwa kwa lugha ya Java, na umri wake unakaribia ule wa ramani yenyewe. Sura yake haivutii; kwa mara ya kwanza hufanana na chumba cha fundi redio, vitufe kila upande. Lakini ina programu jalizi ya majengo ambayo humwezesha mchoraji kuvuta kipanya kwenye ubavu mmoja wa nyumba, kisha kuvuta upana, na nyumba imekwisha, kona zimenyooka na tagi ya jengo, yaani lebo inayosema kitu hicho ni nini, imeshawekwa. Katika mtaa wa nyumba zilizobanana, tofauti ya kasi ni kubwa mno. JOSM pia hufungua njia zilizorekodiwa na GPS na picha zilizopigwa mtaani zikiwa na alama ya mahali, na humruhusu mtu kupakua eneo asubuhi, kuchora bila intaneti, kuhifadhi faili, na kupakia jioni bando linapopatikana. Kwa mahali ambapo umeme na mtandao havitabiriki, sifa hii ya mwisho ni nzito kuliko zote.

Nguvu hiyo ina bei yake. Ndani ya JOSM mtu anaweza kuchagua vitu mia tano na kuvibadilishia tagi kwa mara moja, vikiwa sahihi au vikiwa makosa. Semina zinazowaingiza wageni moja kwa moja kwenye JOSM siku ya kwanza huwafundisha vitufe kabla hawajajua nyumba inaonekanaje kutoka angani. Kosa la kawaida la mgeni ni kuchora paa la ghorofa mahali linapoonekana, ilhali picha iliyopigwa kwa pembe hulilaza jengo upande mmoja; kinachotakiwa ni msingi. Lingine ni kuamini kuwa picha imekaa sawasawa juu ya ardhi. Mara nyingi imesogea mita kadhaa, na dawa yake ni kuilinganisha na njia za GPS zilizorekodiwa barabarani kabla ya kuchora chochote. Hakuna programu inayomwondolea mtu wajibu huo.

Kwa kazi ya miguu, simu ndiyo chombo. StreetComplete, ya simu za Android, haimtaki mtumiaji ajue tagi hata moja. Anatembea mtaani, ramani inamwonyesha alama, anabonyeza, naye anaulizwa: barabara hii imefunikwa na nini? Majibu huja na picha, lami, changarawe, udongo, na akigusa moja programu huandika yenyewe. Maswali yasiyofaa kwa mazingira yake anaweza kuyazima. Every Door hufaa zaidi kwa maduka na huduma: mtu anapita mtaa wa biashara kama Kariakoo na kuandika jina, aina ya duka na saa za kufungua, mlango kwa mlango. Anayetaka uhariri kamili kwenye simu ana Vespucci kwa Android na Go Map!! kwa iPhone, ila kuchora nyumba kwa kidole kwenye kioo kidogo ni adhabu.

Kuna pia Rapid, iliyotoka kampuni ya Meta ikijengwa juu ya iD, ambayo huonyesha barabara na majengo yaliyotambuliwa na kompyuta ili binadamu ayakubali au ayakatae. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa maumbo ya majengo yapatayo milioni 18 ya Tanzania na Uganda yaliyopatikana kwa njia hiyo. Vijijini, nyumba zikiwa mbalimbali, mapendekezo ya mashine huokoa muda. Kwenye makazi yaliyobanana, mabati yaliyogusana yanaweza kuhesabiwa kuwa paa moja, na mwenye haraka hukubali tu. Afadhali kuchora upya.

Miradi ya pamoja hupunguza mzigo wa kuchagua. Jukwaa la Tasking Manager la Humanitarian OpenStreetMap Team hukata eneo vipande vya mraba. Mchangiaji huchukua kimoja, hukichora kwa programu aitakayo, kisha mwingine hukikagua. Mkaguzi anahitaji JOSM karibu kila mara. Mchoraji hahitaji.

Chombo chochote kitakachotumika, masharti hayabadiliki. Kunakili kutoka Google Maps ni marufuku, na kila upakiaji uandikiwe maelezo mafupi ya kilichofanyika. Vyombo vyenyewe hupita: Potlatch, iliyotumika miaka mingi kabla ya iD, ilitegemea teknolojia ya Flash, na vivinjari vilipoiacha Flash mwishoni mwa mwaka 2020 ikabaki nje ya vivinjari. Mitaa iliyochorwa kwayo bado ipo.

Kwa hiyo mwenye simu pekee aanze na StreetComplete au Every Door mtaani kwake. Mwenye kompyuta aanze na iD, na JOSM isubiri hadi iD imchoshe kwa uzito wake. Akaunti ni moja kwa programu zote, na hufunguliwa bure kwenye openstreetmap.org.