Shahidi wa Ukubwa wa Punje ya Mchele

Nilionyeshwa kwa ncha ya kibano, maana kwa macho yangu nisingekiona. Kipande cha karatasi, kirefu kama punje ya mchele na chembamba zaidi, kimegandishwa kwenye mazabodi jirani na feni.

"Ndicho hiki kilichokuponza, mwanangu," fundi akasema, akivuta taa karibu.

Nilikuwa nimeinamia meza yake katika chumba kidogo nyuma ya maduka ya simu, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Laptopu yangu imelala kifudifudi, mfuniko wa chini umevuliwa, skrubu zimepangwa ndani ya kifuniko cha kopo la maziwa. Wiki moja kabla, kwenye dirisha la huduma la walioniuzia, nilirudishiwa mashine ikiwa imezima vilevile, pamoja na karatasi yenye mstari mmoja: imeingia maji, waranti haihusiki. Nikauliza maji gani, mimi sijamwaga hata tone. Kijana wa dirishani akanijibu, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuisema sentensi hiyo mara nyingi, kwamba kibandiko kimekuwa chekundu. Nikitaka mazabodi mpya, laki tisa.

Kibandiko chenyewe ni karatasi ya matabaka. Juu ni nyeupe, chini kuna rangi nyekundu inayoyeyuka kwenye maji. Kikiloa, rangi hupanda juu na haishuki tena, hata ukianika juani mwezi mzima. Watengenezaji hukibandika kwenye mapito ya maji: chini ya kibodi, kandokando ya matundu ya chaja. Changu hakikuwa chekundu cha damu. Kilikuwa na wekundu wa pembeni, kama shuka jeupe lililofuliwa pamoja na khanga mpya.

Fundi huyu, mtu wa kuamkiwa shikamoo, aliwahi kukaa upande wa pili wa dirisha kama lile kabla ya kufungua meza yake. "Tulifundishwa hivi: fungua, tafuta kibandiko. Kikiwa chekundu piga picha, funga, andika. Hata mita hushiki." Nikamuuliza kwa nini. "Hela ya spea haitoki dukani, inatoka kwa kampuni. Kampuni wanataka picha. Ukibadilisha bodi wakati picha ni nyekundu, hawakurudishii. Kwa hiyo yule kijana usimchukie. Hana anachoamua."

Wala hakunificha kwamba wateja nao ni waongo. Wengi wanaoapa hawajamwaga kitu huumbuliwa na mashine zao wenyewe. Amefungua laptopu zinazonuka chai ya maziwa. Amekuta bodi ina sukari iliyogeuka gundi, na sisimizi wamehamia na mayai yao. "Mwenye mashine ananiambia ilizima yenyewe. Mimi namtazama, namtazama sisimizi." Akacheka peke yake, kisha akakumbuka ninasubiri.

Lakini ana jambo linalomkera, na ndilo lililonifanya nirudi kwake siku ya pili bila shida yoyote ya kompyuta. Wafanyakazi wa ofisini, anasema, humletea mashine safi kabisa zenye kibandiko cha pinki. Mchana kutwa kiyoyozi, bodi imepoa kama soda. Jioni imo kwenye begi ndani ya daladala, joto la Machi. "Chupa ya soda ukiitoa kwenye friji Dar hii, si inatoka jasho? Na laptopu je?"

Sikutaka kulichukua hilo kama lilivyo, nikatafuta. Marekani, wateja walionyimwa waranti za iPhone na iPod touch kwa sababu ya karatasi za namna hii waliipeleka Apple mahakamani. Katika shauri hilo ikaelezwa kuwa mtu wa 3M, waliotengeneza karatasi hiyo, alisema unyevu wa hewa unaweza kuifanya ianze kugeuka pinki bila kuguswa na maji. Mwaka 2013 Apple ilikubali kutoa dola milioni 53 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Hizo zilikuwa simu, sawa, na karatasi si zote zimetoka kiwanda kimoja. Ila nikikumbuka Machi yetu, nabaki na wasiwasi.

Turudi mezani. Fundi alishika mita, akagusa laini ya volti 19 inayolisha bodi nzima. Mita ikalia: laini imekula shoti. Akatwaa spiriti na mswaki, akailowesha bodi mpaka ikang'aa, akaunganisha nyaya mbili na kuingiza volti moja tu.

"Sasa angalia. Usipepese."

Panapopiga shoti hupata moto, na penye moto spiriti hukimbia kwanza. Baada ya sekunde chache, katikati ya bodi iliyoloa, likachomoza doa kavu dogo kama ukucha wa mtoto. Ndani ya doa kuna kapasita, punje ya ufuta. Akaipeleka chini ya hadubini, akanipisha nione: hakuna kutu, hakuna ule ukijani unaoachwa na maji. "Maji yakiua huacha kaburi. Hii imejifia." Akaing'oa kwa blowa, akalehemu nyingine aliyoitoa kwenye bodi ya maiti. Taa ikawaka. Elfu arobaini.

Karatasi yangu ya waranti nimeisoma mara tatu tangu siku hiyo. Inasema haitalipia uharibifu uliosababishwa na kimiminika. Uliosababishwa. Kibandiko kinaweza kusema kimelowa. Hakijui kimelowa lini, wala hakijui habari za kapasita iliyo upande wa pili wa bodi. Nani basi anapaswa kuthibitisha kilichoua, mimi au wao? Tunayo Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani ya kuisimamia, na malalamiko yangu nimekwisha kuyaandika. Sijayapeleka, kwa sababu ushahidi wangu wote ni doa lililokauka mbele ya watu wawili.

Tena mashine imekwisha kufunguliwa Kariakoo.

Alipokuwa akirudisha skrubu, fundi alivuta droo kutafuta moja iliyopotea. Nikaona ndani yake rola la vibandiko vidogo, vyote vyeupe. Hununuliwa mtandaoni, kwa bei ya karanga. Akaona nilichokiona. Akauliza waranti yangu imebakiza muda gani.

"Miezi mitano," nikasema.

Akashika kibano, akanitazama. "Nikubandikie?"